Hewa ya Kurudia

Mjukuu wangu, wewe unavuka daraja la Kigongo–Busisi huku unachezea simu. Sisi Mei 1996 tulitoka Biharamulo tumedandia lori lililokuwa limeshusha chakula cha wakimbizi kule Benaco, Ngara, tukalala Busisi kungoja pantoni, harufu ya dagaa na dizeli imetukaa kooni. Tulikuwa tunaifuata maiti ya shangazi yangu, aliyepanda MV Bukoba.

Meli ile ilipinduka asubuhi ya tarehe 21, Mwanza ikiwa si mbali. Ilielea saa kadhaa, tumbo juu, na waliowahi kufika walisikia watu wakigonga chuma kutoka ndani. Ikatobolewa. Nia ilikuwa njema, hilo silibishii. Lakini hewa iliyonaswa mle ndiyo iliyowapa watu pumzi, na ndiyo hiyo hiyo iliyoifanya meli ielee. Ilipotoka, maji yakashika nafasi yake, meli ikazama. Waliokufa hutajwa kuwa zaidi ya 800. Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo. Nje ya uwanja wa Nyamagana, tulikokwenda kutambua miili tukiwa tumeziba pua kwa khanga, mama mmoja aliuza chai na andazi kwa shilingi mia. Akishaona macho yako, hela haipokei.

Wakaja wapiga mbizi wa jeshi la majini la Afrika Kusini, vijana wenye nyuso zilizokauka kwa uchovu. Niliwatazama wakijiandaa. Kila mmoja alisoma geji yake, kisha akasoma ya mwenzake, akamkazia mikanda, akahakikisha pumzi inakuja. Hakuna aliyeingia majini peke yake. Baadaye mtu anayeijua kazi hiyo alinipa hesabu yake. Kwenye kina cha mita 20 mgandamizo ni mara tatu ya ule wa juu, na kila pumzi hula hewa mara tatu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200, ambao juu ungekufikisha karibu saa mbili, kule chini ni dakika 40 tu. Ukipata hofu, hata hizo huzifikishi. Ndiyo maana mpiga mbizi hugeuka hewa ingali nyingi. Ndani ya meli, ambako huwezi kuibuka moja kwa moja, huigawa mafungu matatu: la kuingilia, la kutokea, na la tatu haliguswi, kwa sababu huenda mtungi wa mwenzake ukagoma, wakalazimika kuvuta mmoja wote wawili.

Septemba 2018 MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, injinia wake alitolewa hai siku mbili baadaye. Alikuwa amejibanza palipobaki hewa. Kwa hiyo wewe unayetaka kujiunga na Zimamoto, siku ukisikia mtu anagonga ndani ya chombo kilichopinduka, usikimbilie kukitoboa. Kizuieni kwanza kisizame, kisha mpite chini, wawili wawili, mkiwa na hewa ya kurudia.