“Akimaliza chuo, atamfunga nani?”

Tangu mpwa wangu apate nafasi katika Chuo Kikuu cha Egerton kusomea shahada ya masuala ya uhalifu na usalama, kila nikienda mashambani huulizwa swali moja: “Akimaliza, atamfunga nani?”

Wazee hudhani msichana anafunzwa kulenga shabaha. Kina mama nao humwita wakili. Si hili wala si lile. Atakaye uwakili sharti asomee sheria. Naye atakaye kuwa polisi huweza kusajiliwa bila kupitia chuo kikuu. Si ajabu basi dada yangu, aliyeuza ndama wawili ili alipe karo, aliniuliza faraghani iwapo pesa zake zilikwenda na maji.

Nilimwambia tumuulize mwenyewe.

“Mama,” akajibu, “kuku akiibwa, wewe waulizia kuku. Sisi hufunzwa kumfuata yule mwizi, tangu anapokamatwa hadi siku anaporudi kwao.”

Safari hiyo, msomaji wangu, ni ndefu. Wao husoma yanayomsukuma mtu kuvunja sheria, na mipaka ya afisa anayemtia pingu. Husoma Katiba ya 2010, inayotaka mshukiwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya korti inayofuata. Husoma kazi ya afisa wa probesheni, anayetumwa na hakimu kijijini kuwahoji wazazi, majirani na hata aliyeibiwa, kabla ya hukumu kutolewa. Tena tangu sheria ya mwaka wa 1998, aliyestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza kuamriwa afanye kazi ya umma bila malipo badala ya kujazana na wengine gerezani.

Haya yalikuwa maneno matupu kwetu hadi Desemba, mvulana wa miaka 11 aliponaswa sokoni na kuku wa wenyewe. Vijana walikuwa wameanza kuokota mawe. Mpwa wangu hakupiga kelele. Alisimama kando ya mtoto, akauliza, “Nani anamjua mamake?”

Kimya. Kisha akawaeleza kwamba chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto ambaye hajafika miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Zamani umri huo ulikuwa miaka minane. Lakini nadhani si sheria iliyodondosha yale mawe. Ni lile swali. Mama mmoja alimjua mzazi huyo: alikuwa kitandani juma la pili, na jikoni hamkuwa na moto.

Mwenye kuku alirudishiwa kuku wake, akaondoka akinung’unika. Mtoto alipelekwa kwa chifu, naye chifu akamwita afisa wa watoto.

Sitawadanganya wazazi kuwa shahada hii ni tikiti ya kazi. Nafasi katika magereza na probesheni hung’ang’aniwa na wengi, na ni vyema kuuliza mapema kabla ya kuuza mifugo. Dada yangu angali analala akiiwaza hiyo kazi. Hata hivyo, karo ya muhula huu aliilipa kabla chuo hakijafunguliwa, na hakuna aliyemkumbusha.