Kalamu Mkononi mwa Mdogo

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walinena wahenga. Lakini huko Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, ipo nyumba ambamo mkuu ndiye angojaye neno la mdogo. Humo huhaririwa Harvard Law Review, jarida la sheria lililoasisiwa mwaka 1887 na linaloendeshwa na wanafunzi wenyewe hata leo. Profesa mwenye mvi huleta makala yake. Kijana aliye darasani bado huipima, huhakiki kila rejea, hukata palipozidi na kuuliza palipopungua.

Mshairi wa pwani aijua hali hiyo. Aliyewahi kurudishiwa shairi kwa kupungua mizani moja hausahau uchungu wake. Wala hasahau kwamba aliyelirudisha alikuwa amelisoma kweli.

Na kazi hiyo si mchezo wa watoto. Desemba 1890 jarida lilichapa makala ya mawakili wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, juu ya haki ya mtu kuachwa na faragha yake. Mahakama za Marekani zimeirejea kwa zaidi ya karne.

Hata hivyo, meza ile haikuwa ya kila mtu. Ilipita zaidi ya miaka thelathini kabla mwanafunzi mweusi hajaketi hapo: Charles Hamilton Houston, aliyekuwa afisa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ndani ya jeshi lililowatenga weusi hata vitani. Alihitimu mwaka 1922. Elimu yake hakuifungia kabatini, bali alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Howard, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Thurgood Marshall, wakili wa kesi iliyoharamisha ubaguzi katika shule za umma mwaka 1954. Mwaka 1960 Marshall alikuwa London, akiwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mazungumzo ya katiba, akawaandikia rasimu ya haki za raia. Mwaka 1990 wanafunzi wa Harvard walimchagua Barack Obama, mwana wa Mkenya, kuwa rais wa kwanza mweusi wa jarida lao.

Wacheka nukta na mkato na wakumbuke safari hiyo. Mkono ulionyimwa kalamu hauwezi kuisahihisha sheria iliyounyima. Na mkuu akubaliye kusahihishwa na mdogo, huyo naye havunjiki guu.