Maneno Yaliyopotea Garini

Baba yangu alizaliwa Unguja, akaja Maskati mwaka 1975. Mimi nimezaliwa huku. Mama husema Kiarabu, kwa hiyo Kiswahili changu nimekipata zaidi garini, baba akinipeleka skuli. Aliweka taarabu, na katikati ya wimbo huniuliza, “Umelisikia neno hilo?” Nisipolijua, hunieleza mpaka tufike getini.

Mwaka jana niligundua kuwa haulizi tena. Spika za Corolla yake zilikuwa zimekauka kwa joto, kingo zimepasuka, zinakwaruza. Na masikio yake nayo yana zaidi ya miaka 70. “Ngoma naisikia,” aliniambia, “maneno siyapati.” Nikamwambia tubadilishe spika. Akakataa. “Za nini? Hizi zatosha.”

Nilizinunua hata hivyo, Ruwi, riali 18: zile ambazo twita hukaa mbali na wufa, na krosova ndogo huzigawia sauti, za juu kwa twita, za chini kwa wufa. Ijumaa baada ya sala nikafungua milango kwa bisibisi. Wufa nikazitia mahali pa spika za zamani, twita nikazibandika juu, karibu na vioo vya pembeni.

Nikawasha. Besi hakuna, na mwimbaji hajulikani yuko upande gani. Nikachomoa nyaya za wufa kwenye krosova, nikazigusisha betri ya tochi ya volti 1.5. Wufa ya kulia iliruka nje. Ya kushoto, kwa waya zilezile, ikaingia ndani. Nilikuwa nimegeuza chanya na hasi. Moja ikisukuma hewa, ya pili huivuta, na sauti nzito zinauana.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi: nilipima sauti kwa masikio yangu. Twita ziliniumiza, nikazipunguza desibeli 3. Lakini s, f na sh zinakaa kwenye sauti za juu, na hizo ndizo masikio ya uzeeni hutangulia kuzipoteza. Nikarudisha twita kwenye sifuri, ya kushoto nikaielekeza kwenye kiti cha dereva. Kwenye redio nikakata sauti za chini ya hezi 80, kwa kuwa wufa ndogo hazizimudu. Kwangu ikawa kali. Nikanyamaza.

Jumapili baba alinipeleka chuo. Nyimbo mbili zikapita hajasema kitu. Tulipokaribia Al Khoudh, akapunguza sauti.

“Umelisikia neno hilo?”

“Lipi, baba?”

“Kisebusebu.”

Sikulijua. Akanieleza: ni kujifanya hukitaki kitu, na huku moyoni unakitamani. Nikamtazama yeye, nikazitazama spika. Akaanza yeye kucheka, kisha akaongeza sauti.