Kusikia si Masikio Tu

Hakuna malalamiko ambayo wazazi wa mjini huyatoa mara nyingi kama haya: "Mtoto huyu hasikii!" Hatumaanishi kwamba mtoto ni kiziwi. Twamaanisha kwamba ametumwa dukani naye akaendelea kutazama televisheni. Katika Kiswahili kusikia ni pamoja na kutii, ndiposa wahenga wakanena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mimi hufundisha watoto shule ya Jumapili, na nilifurahi mno kujua kwamba Kiebrania, lugha ya sehemu kubwa ya Agano la Kale, kina tabia iyo hiyo. Kitenzi chenyewe ni shama, nacho kimo humo zaidi ya mara 1,100. Maana yake ni kusikia, kusikiliza, kuelewa na kutii. Kumbukumbu la Torati 6:4, aya ambayo Wayahudi huikariri asubuhi na jioni, huanza kwa neno hilo: Shema, yaani sikia. Na Samweli alipomkemea mfalme Sauli kuwa kutii ni bora kuliko dhabihu, katika 1 Samweli 15:22, kitenzi ni hicho hicho.

Hapo wazazi wenzangu watapiga makofi. Lakini wasiharakishe, kwani kitenzi hiki hakikuwekewa watoto peke yao. Mungu mwenyewe husikia. Jina Ishmaeli maana yake ni "Mungu husikia". Hajiri alipotangatanga jangwani na mwanawe, maji yakawaishia, Mwanzo 21:17 yatuambia kwamba Mungu aliisikia sauti ya kijana huyo. Kisha mama akaonyeshwa kisima. Naye Sulemani, alipoambiwa aombe atakalo, aliomba moyo unaosikia, kama Kiebrania cha 1 Wafalme 3:9 kisemavyo. Ona basi, mwenye mamlaka ndiye aliyeomba kusikia!

Jirani yangu mmoja alinilalamikia kuwa bintiye wa miaka 15 hasikii. Nilimwuliza binti huyo amemwambia nini juma hilo. Alifikiri kwa muda mrefu, asipate neno. Yeye hutoka nyumbani alfajiri kukimbilia matatu, na hurudi watoto wamekwisha lala. Simlaumu, karo na kodi ya nyumba hazingoji. Hata hivyo, mtoto asiyesikilizwa nyumbani atamtafuta wa kumsikiliza huko nje, na huko nje si wote wanaomtakia mema.

Mzazi anayetaka kusikiwa, basi, na asikie kwanza, tena kwa maana kamili ya shama: apokee neno, alielewe, kisha atende jambo. Mtoto akisema kuna mtu anayemtisha njiani, haitoshi kuitikia "haya" huku macho yako kwenye simu. Msindikize kesho yake. Siku utakayomwita "sikia mwanangu", atakuwa anajua neno hilo lina uzito gani, kwa kuwa aliliona kwako.