Ladakh: Ambako mboga huchipuka shimoni

UKIAMBIWA kuna mji ulio karibu mara mbili ya kimo cha Nairobi, na ambao mvua na theluji yake ya mwaka mzima haifikii mvua ya Lodwar, huenda ukadhani hakuna binadamu awezaye kulima huko. Mji huo ni Leh, katika eneo la Ladakh, kaskazini kabisa mwa India. Uko mita 3,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa mwaka hupata milimita 100 hivi tu za mvua na theluji, na usiku wa Januari baridi huweza kufika nyuzi 20 chini ya sufuri.

Mgeni anayeshuka kwenye ndege hushauriwa apumzike siku moja au mbili, kwa maana hewa ni nyepesi na hata kupanda ngazi humkata mtu pumzi. Atakachoona kwanza ni milima mitupu, ya rangi ya udongo. Kisha, ghafla, kipande cha kijani: shamba la shayiri kando ya mfereji. Maji hayo hutoka kwenye barafu inayoyeyuka juu milimani, na katika vijiji vingi huchaguliwa mtu, aitwaye churpon, wa kuamua ni nani atafungua mfereji na siku gani. Bila yeye majirani wangeshikana mashati.

Msimu wa kulima ni mfupi mno, kuanzia Mei hadi Septemba hivi. Baada ya hapo theluji huziba njia za milimani, na kwa miongo mingi barabara za kuingia Ladakh zilifungwa karibu nusu mwaka. Familia zilikula viazi vilivyofukiwa ardhini na majani ya mboga yaliyokaushwa juu ya paa. Mboga mbichi mwezi wa Februari ilikuwa ndoto.

Mabadiliko yaliletwa na vita. Mwaka 1962 India na China zilipigania mpaka, na wanajeshi wengi wakapelekwa Ladakh. Mwaka huo huo kituo cha utafiti kilianzishwa Leh chini ya wizara ya ulinzi, nacho siku hizi hujulikana kwa kifupi kama DIHAR. Kazi yake ilikuwa kuona kwamba chakula cha askari kinaoteshwa hapo hapo badala ya kusafirishwa kwa malori na ndege. Ni ajabu kidogo kwamba mwananchi alipata spinachi kwa sababu ya tumbo la mwanajeshi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hata leo jeshi hununua mboga nyingi kwa wakulima kupitia vyama vya ushirika.

Mojawapo ya mbinu zinazofundishwa huko haihitaji fedha nyingi. Mkulima huchimba handaki la kina cha kiunoni, hupanda mboga chini, kisha hufunika juu kwa karatasi ya plastiki. Mchana jua, ambalo Ladakh haliadimiki hata katikati ya baridi, hupasha udongo joto. Usiku hutandikwa kifuniko kingine juu ya plastiki ili joto hilo lisitoroke. Mbao ni ghali katika nchi isiyo na misitu, na handaki halizihitaji sana.

Wenye uwezo zaidi hujenga nyumba ya matofali ya udongo yenye kuta nene pande tatu, na upande wa kusini, unaotazama jua, huwekwa plastiki. Haina jiko wala umeme wa kuipasha joto, na bado spinachi na giligilani hustawi ndani huku nje kila kitu kimeganda. Kwa akina mama wanaouza mboga kando ya barabara kuu ya Leh, huo ni msimu mwingine wa mapato.

Mchanga wa huko hauna rutuba, kwa hiyo mbolea ni mali. Nyumba za asili zina choo kikavu cha ghorofani. Uchafu huanguka chumba cha chini, hufunikwa udongo na majivu, na ukishaoza hupelekwa shambani. Msomaji wa mjini asikunje uso: choo hicho hakitumii hata tone moja la maji.

Na si mboga pekee. Kichaka chenye miiba kiitwacho tsestalulu, ambacho zamani kilikuwa ua tu wa kuzuia mifugo, huzaa matunda madogo ya rangi ya machungwa yaliyojaa vitamini C, na watafiti walibuni njia ya kuyafanya kinywaji cha kuuzwa madukani. Aprikoti nazo, tunda tamu linalofanana na pichi dogo, zilikuwa zikiharibika kwa wingi kwa kukosa soko. Mwaka 2021 shehena ya aprikoti mbichi ilisafirishwa hadi Dubai.

Ugumu wa aprikoti ni kwamba mti uliooteshwa kwa mbegu haumfuati mama yake. Mmoja huzaa matunda matamu, jirani yake machungu, na mkulima hulea mche miaka kadhaa kabla ya kujua alichopata. Ndiyo sababu watafiti huhimiza kupandikiza vikonyo vya miti bora, hasa aina ya Raktsey Karpo, yaani mbegu nyeupe, ambayo hata kiini cha kokwa yake ni kitamu. Miti ya kokwa chungu haikatwi yote, kwani kokwa hizo hukamuliwa mafuta ya kupaka nywele na ya kuwashia taa.