Ng'ambo ya Ruzizi: jiko, taa na bei ya kwanza

Wiki hii tunawapeleka safari fupi. Haihitaji ndege wala meli. Miguu inatosha, na jeton ya mpakani.

Mto Ruzizi unatoka katika ziwa Kivu hapa hapa Bukavu. Unatenga Kongo na Rwanda, kisha unateremka kwa nguvu kuelekea ziwa Tanganyika, upande wa Uvira. Mteremko huo ndio unaozaa umeme. Bwawa la Ruzizi ya Kwanza lilianza kazi mwaka 1958, na nguvu yake ni karibu megawati 30. Chini zaidi kuna Ruzizi ya Pili, ya mwaka 1989, karibu megawati 44, ambayo ni mali ya nchi tatu pamoja: Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa hiyo sisi watu wa Bukavu tunakaa kwenye mlango wa umeme. Lakini jioni, ukisimama juu Kadutu na kutazama, utaona kartye nyingi zina giza, na moshi wa mbabula unapanda kutoka kila nyumba.

Tulivuka tukiwa wanawake saba wa muso moja, walimu na wauzaji wa soko. Tulikuwa tumesikia kwamba ng'ambo ile serikali inalipa sehemu ya bei ya taa ya jua kwa familia maskini. Tulitaka kujua inafanyika namna gani, na kama kuna jambo la kujifunza.

Kabla ya kuvuka, tuangalie kwanza upande wetu. Makala yetu yanatoka Kalehe, Kabare, Walungu na Idjwi, mengine kwa mtumbwi, mengine kwa gari, na mengine mgongoni mwa wamama wanaobeba gunia kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Sehemu ya makala hayo inatoka katika miti ya Kahuzi-Biega, mbuga iliyoundwa mwaka 1970, ambamo wanaishi sokwe wakubwa wa mashariki. Kila mwaka anayetafuta mti anakwenda mbali zaidi, na sisi sokoni tunalipa ule mwendo. Tena, mwenye pesa ananunua gunia nzima. Asiye nayo ananunua kwa kopo, kila siku, na mwisho wa mwezi ndiye aliyelipa zaidi kwa makala yale yale. Na taa ni hivyo hivyo: mshumaa wa leo, petroli kidogo ya kesho. Umaskini wenyewe una bei yake.

Daraja la Ruzizi tulilivuka asubuhi pamoja na wamama wengi wa biashara ndogo, wenye ndizi, nyanya na samaki. Ukivuka unafika Cyangugu, karibu na maji, kisha barabara inapanda mpaka Kamembe. Tulipanda polepole. Milima ni ile ile, ziwa ni lile lile, na Kiswahili kilitusaidia pale ambapo Kinyarwanda chetu kilikwisha.

Mama mmoja alitukaribisha kwake, nje kidogo ya mji. Juu ya bati lake kuna kibao kidogo cha jua. Ndani kuna taa tatu na mahali pa kuchajia simu. Watoto wake walikuwa mezani na madaftari. Tulimuuliza alipata wapi pesa ya kununua kitu kama kile. Akacheka, akasema yeye alilipa sehemu ndogo tu.

Mpango wenyewe uko hivi. Serikali ya Rwanda, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, iliweka mfuko wa pesa kwa ajili ya taa za jua katika nyumba ambazo waya za umeme hazijafika. Familia zilikuwa zimepangwa katika makundi ya ubudehe, kufuatana na hali ya maisha. Kundi la kwanza, la walio maskini kabisa, lililipiwa mpaka asilimia 90 ya bei. Kundi la pili asilimia 70. La tatu asilimia 45. Sehemu inayobaki familia yenyewe inailipa, na mara nyingi kidogo kidogo.

Jambo lililotugusa zaidi ni njia ya pesa. Hakuna anayepewa noti mkononi. Kampuni iliyokubaliwa inafunga taa kwanza. Watu wa mpango wanahakikisha kwamba taa iko, inawaka, na iko kwa familia iliyoandikwa. Ndipo kampuni inalipwa ile sehemu ya serikali. Taa isipofungwa, hakuna malipo. Kwa sisi tuliokwisha kuona misaada ikipotelea njiani, hilo ni somo kubwa.

Kwa majiko pia wana mpango wa namna hiyo. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 20 kwa ajili ya upishi safi nchini Rwanda, ili kufikia nyumba 500,000. Hapo pia lengo ni kupunguza bei anayoiona mama dukani, ili aweze kununua jiko linalokula makala kidogo na kutoa moshi kidogo.

Tuliporudi tulijiuliza: na kwetu? Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua kazi ya umeme kwa watu binafsi, isibaki mikononi mwa shirika moja. Amri ya Waziri Mkuu ya Desemba 2018 ilipunguza kodi na ushuru katika kazi ya umeme. Ni vizuri. Lakini punguzo hilo lilianzia kwa mwenye kuleta mizigo, na mama wa Cimpunda au wa Panzi hakuweza kulishika mkononi. Shida yake si bei yote ya jiko au ya taa. Shida yake ni bei ya kwanza, ile ya kutoa siku moja. Asiyeweza kutoa pesa ya jiko leo, anaendelea kulipa makala mengi kila siku, mwaka mzima.

Hapo ndipo muso yetu inaweza kufanya kazi ambayo ng'ambo ile inafanywa na mfuko wa serikali. Tuchukue mfano. Mama anatumia franka 1,500 za makala kwa siku. Jiko lililoboreshwa, lile lenye udongo wa kuchoma ndani, likipunguza theluthi moja, anabakiza franka 500 kwa siku, yaani 3,500 kwa wiki. Tuseme jiko linauzwa 30,000. Kisanduku cha kijani kinamkopesha, naye anarudisha 3,000 kila wiki. Kwa wiki kumi amemaliza deni, na ya kumi na moja ni faida ya muso. Wiki zote hizo analipa kwa pesa ya makala ambayo hakuyanunua, na bado anabakiwa na franka 500 kila wiki. Baada ya hapo 3,500 zote ni zake. Kisha mkopo unakwenda kwa mama mwingine. Bei za kartye yenu huenda ni tofauti. Badilisheni hesabu, lakini njia ni hiyo.

Kisanduku chekundu tusikiguse. Hicho ni cha ugonjwa na msiba.

Kuhusu taa za jua zinazolipwa kidogo kidogo kwa simu, zimefika kwetu pia, na zinasaidia. Lakini kabla ya kutia sahihi, mama aulize maswali haya matano. Bei yote ni ngapi nikimaliza kulipa, si ya siku moja tu? Nitalipa miezi mingapi? Nikikosa kulipa wiki moja, taa inafungwa, au wanaichukua? Betri ikifa, nani anatengeneza, na ofisi iko wapi hapa mjini? Garanti ni ya muda gani, na imeandikwa? Asiyesoma Kifaransa aombe mwalimu au mtoto wa sekondari amsomee karatasi yote. Muuzaji mwema hatakataa kungoja.

Na serikali yetu, au shirika, wakija kuuliza vikundi vya wamama tunahitaji nini, tusiombe tu "msaada wa majiko". Majiko ya bure tumeyaona. Mengine yamekuwa viti vya kuku. Tuombe walipe sehemu ya bei, kubwa zaidi kwa aliye maskini zaidi, na muuzaji alipwe baada ya jiko kuonekana jikoni. Tuombe pia wamama wa kartye wenyewe wawe kati ya wale wanaohakikisha.

Wakati tunangoja, kuna akiba isiyo na mkopo. Loweka maharagi usiku mzima. Funika sufuria. Weka makala mahali pakavu. Sombe ikianza kuchemka, punguza hewa chini ya jiko. Penye umeme, taa ya LED ya wati 9 inatoa mwanga karibu sawa na ule wa balbu ya zamani ya wati 60.

Kwa mkutano ujao wa muso, kila mama aje na karatasi moja. Kwa siku saba aandike kila jioni: makala franka ngapi, mshumaa au petroli franka ngapi, kuchaji simu franka ngapi. Tutajumlisha pamoja ubaoni, kisha tutaamua jiko la kwanza litaingia kwa nani.