Siku ya posho Cimpunda, na mvua

Ndugu msomaji, kama hujafika Bukavu, kwanza tupatane juu ya jina. Linaandikwa Cimpunda, lakini usilisome kama Mfaransa. Sema Chimpunda, maana katika maandiko ya Kimashi ile C ni "ch". Ni karitie ya komini ya Kadutu, juu mlimani, nyumba imekaa juu ya nyumba, manjanja yamegusana. Usiku, ukiwa chini mjini na umeme uko, ukiinua macho utafikiri nyota zimeshuka kupumzika kwenye kilima. Ukiwa na mfuko wa fufu kichwani na unapanda, hutafikiri nyota hata kidogo.

Mimi niko mwalimu Kamituga, katika nchi ya zahabu, na wengi wenu munaosoma gazeti hili munakaa pahali kama pale. Nilitoka siku ya tano, mwezi wa kumi na moja 2024. Kutoka Kamituga mpaka Bukavu ni kilomita karibu 180. Lakini wakati wa mvua hakuna mtu anayehesabu kilomita kwenye barabara ile, tunahesabu mara ngapi gari limekwama. Safari hiyo ilikuwa mara tatu. Nilikuwa na mambo mawili: kumwona Mama, na kununua parseli. Feza ilikuwa imeshonwa ndani ya suruali. Bibi yangu alikuwa ameuza bitumbura na mafuta miaka mine, nami nimefundisha miaka hiyo hiyo, na ile mukumbo yote ya suruali ilikuwa jasho yetu wawili. Komisioneri alisema amepata pahali pazuri karibu na kwa Mama, bei ya chini, miavoka miwili ndani, na macho yanaona ziwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya posho. Ninyi wa migodi munajua jina hili limetoka wapi: zamani za Wabelgiji makampuni yaligawia wafanyakazi posho kila juma, na siku ikabaki na jina la chakula hata leo, hata kwa mtu ambaye hakuna kampuni inayomgawia kitu.

Saa kumi na mbili Mama alikuwa amekwisha kuamka. Aliniita kwa dirisha: "Mwalimu, ungali unalala? Mawingu iko inakuya. Mwende soko mbele ya mvua." Kwa Mama mimi ni "mwalimu" wakati anataka kunituma. Wakati ananihurumia ninarudi kuwa "mwanangu".

Inje watu wa avenyu walikuwa kwenye salongo. Vijana hawakumjua Mobutu, lakini neno lake wamelirisi. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja na jembe ao koleo, na walifungua mfereji. Waliondoa plastiki, machupa, maganda ya ndizi, na hata nusu ya godoro. Yaya, kaka yangu mkubwa, ni fundi wa kujenga. Alikuwa amevaa bote nyeusi, akisimamia kazi bila mtu kumchagua. Nilimsikia akiuliza kwa sauti: "Nani ametupa godoro? Na jioni atamuomba Mungu azuie maji!" Watu walicheka. Hakuna aliyejibu, na jirani mmoja aliinama akafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Nilishuka soko ya Kadutu pamoja na mtoto wa yaya, kijana wa miaka 12 ambaye anajua ngazi zote za mlima ule. Mama alitutuma kwa mdomo, hakuandika: fufu, sombe iliyotwangwa, mafuta ya mawese, chumvi, sabuni, makala mfuko mdogo, na sambaza mbichi "zenye kuangaza macho". Kama husafiri upande wa Kivu, sambaza ni samaki wadogo sana wanaovuliwa usiku kwa taa. Watu wanafikiri wamekuwa ziwani tangu uumbaji. Hapana. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika karibu na mwisho wa miaka ya 1950, wakazaa, na leo ni nyama ya maskini na ya tajiri pia. Mama muuzaji alinipimia kwa sahani, akaongeza kidogo kwa mkono, kisha akatazama juu. "Baba, lipa mbio." Alikuwa amesikia mvua mbele yangu.

Mvua ya Bukavu ukiwa sokoni unaisikia mbele ya kuiona. Inakuja juu ya manjanja ya mbali kama watu wengi wanaokimbia. Kwa dakika moja kila mtu alivuta bashi, wenye nguo walikunja nguo, wenye unga wakakaa juu ya mifuko yao. Sisi tulijibana chini ya bashi ya mama wa sabuni, watu kumi na zaidi, tusiojulikana, na mtoto mchanga wa mtu fulani akawa mikononi mwangu, sijui namna gani. Tulikaa saa nzima. Katikati ya soko kijito kilizaliwa, chekundu, kikabeba nyanya moja moja mpaka chini.

Motari wa kwanza alikataa kupanda Cimpunda. Wa pili alikubali kwa bei mara mbili, lakini mtoto alinivuta mkono: "Baba mudogo, tutaanguka naye. Tupande na miguu." Alikuwa na haki. Njia ile ina pahali ambapo ngazi ni mifuko ya mchanga tu, watu wameipanga wenyewe, na mvua inapanga upya kila juma.

Tulipofika nyumbani, simu ya komisioneri ililia. "Mwalimu, leo mvua ni mingi. Tungoje jua, kesho kutwa nitakuonesha." Nilitaka kumjibu ndiyo. Yaya aliuliza: "Anasema nini?" Nikamwambia. Yaya akaanza kuvaa tena bote zake. "Sasa njo saa ya kuenda," akasema. "Parseli unaitazama wakati inalia."

Tulienda wawili chini ya mwavuli mmoja, maana yake kila mmoja alilowa nusu. Pahali penyewe ni dakika kumi. Miavoka ilikuwa pale, miwili, kama alivyosema. Ziwa pia ungeliona, kama si ukungu. Nilikwisha kupanga moyoni: hapa chumba, hapa jiko, hapa Mama atakaa na kiti chake. Yaya hakutazama ziwa. Alitazama miti. "Unaona namna imeinama? Mti unapenda kusimama. Kama shina imepinda chini na inatafuta tena juu, ujue udongo ulitembea na mti ukajisahihisha." Kisha akaniita katikati ya kiwanja. Maji yalikuwa yanatoka chini, safi, si mekundu, kama mtu amefungua robine ndani ya ardhi. Hapakuwa na bomba.

Ndugu msomaji wa migodi, jambo hili wewe unalijua kuliko mtu wa mjini. Ukiwa shimoni na maji safi yanaanza kutoka ukutani pahali pakavu, unangoja nini? Sisi wa Kamituga hatukusahau tarehe 11 mwezi wa tisa 2020, wakati mvua kubwa iliharibu mashimo na watu karibu 50 wakakufa ndani. Udongo wenye kushiba maji hauna nguvu ya kushika. Shimoni tunaweka miti kuushikilia. Mlimani juu ya nyumba za watu nani anaweka miti?

Yaya alinionesha kwa mkono upande wa Funu, ndani ya komini hiyo hiyo. Pale mlima wote unateremka polepole, na nyumba za watu maelfu na maelfu juu yake. Si hadisi. Wataalamu walilinganisha picha za ndege za zamani na vipimo vya satelite, wakatangaza kazi yao mwaka 2022. Waliona kwamba mwendo wa udongo uliongezeka wakati mji ulipojaa. Manjanja na mabarabara vinakusanya maji, mabomba yanavuja, na maji yale yanapita njia mpya chini ya ardhi. Sababu ya watu kujaa tunaijua wote: vita vya 1996 na 1998 na vilivyofuata vilifukuza watu vijijini, nao wakapanda pahali palipobaki. Hakuna mtu aliyechagua mteremko kwa sababu anaupenda. Na nisiseme kwamba hatari ni ya mlima wa mji peke yake. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, katika teritware ya Kalehe, pembeni ya ziwa hili, mito ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi ikaua watu zaidi ya 400. Ile ilikuwa siku ya soko Nyamukubi.

Tulirudi bila kusema sana. Nilikuwa na hasira, na nakiri kwamba haikuwa juu ya komisioneri tu. Nilimkasirikia yaya pia. Mtu aliyebeba ndoto kilomita 180 hapendi yule anayeonesha maji ndani yake.

Nyumbani Mama alikuwa amewasha mbabula mlangoni, moshi uende inje. Mabeseni yalikuwa chini ya gutiere, manne, na mabidoni yamejaa, hivi siku hiyo hakuna aliyeenda kuchota. Huo ndio upendo wa mvua Cimpunda, unavunja ngazi lakini unajaza bidoni. Tulibadilisha nguo. Shemeji alitupatia chai yenye tangawizi, watoto walikaanga sambaza wakila moja kila mara walipogeuza mbili. Radio ilikufa pamoja na umeme, basi Mama akaanza kuimba, na tukamfuata kwa sauti nne kama zamani, yaya akiharibu besi kama zamani. Mwana mdogo alilala juu ya mgongo wangu. Kusema kweli, sijui pahali pengine ninapumzika namna ile. Manjanja yakilia hakuna mtu anayeweza kukutuma, hakuna mgeni anayegonga, na hata deni haliwezi kupanda mlima.

Katika ukuta wa chumba cha Mama kuna ufa. Unaanza pembe ya dirisha na kushuka. Baba, ambaye alitumika SOMINKI, ile kampuni ya mgodi iliyoundwa 1976, alijenga nyumba hii kwa feza yake ya mwisho. Yeye ndiye alifundisha yaya dawa ya wachimbaji: unapaka simenti kidogo juu ya ufa, kama kitufe, na kuandika tarehe pembeni. Simenti ikibaki nzima, ukuta umetulia. Ikipasuka, ukuta unatembea. Vitufe vya Mama viko vitano. Viwili vya juu vimepasuka, kimoja wakati wa mtetemeko wa tarehe 3 mwezi wa pili 2008, ile siku ya Mungu asubuhi ambayo watu wa Bukavu wanaikumbuka wote. Kingine kilipasuka bila mtetemeko.

Usiku huo nilisema: "Mama, feza iko. Tusinunue hapa. Tukutafutie chumba chini, pahali pa tambarare."

Mama aliendelea kuchambua maharagi. "Tambarare ya nani?" akauliza. "Bei yake unaijua?" Nilikuwa ninaijua. Feza yangu ya suruali ingelipa pale upangaji, si parseli. "Baba yenu amenifungia hapa mlango wa kwanza wa maisha yangu wenye kufuli," akasema. "Mfereji ukikaa wazi, nyumba itakaa." Yaya hakumpinga, lakini hakumkubali pia. Alichukua taa ya simu, akaenda chumbani kutazama vitufe. Alikawia. Aliporudi alisema cha chini kimepata mstari mwembamba, "sawa unywele". Tena akaniomba kalamu.

Siku iliyofuata, kisha misa, tulianza kazi: mfereji mpya nyuma ya nyumba, wenye simenti, kupeleka maji ya manjanja mpaka mfereji mkubwa wa avenyu. Sehemu ya feza ya parseli iliingia pale. Sehemu nyingine Mama alikubali iwekwe kwa upangaji wa chumba kwa miezi ya mvua kubwa, akisema ni kwa ajili ya watoto, si yeye. Inayobaki ilirudi Kamituga ndani ya suruali. Miezi mitatu nyuma, mwezi wa pili 2025, vita iliingia Bukavu, na mambo ya kununua parseli yakawa ya nyuma kabisa. Lakini mfereji ulibaki, na mvua haikungoja amani.

Neno moja limebaki. Mbele sijapanda gari kurudi, komisioneri alinipigia. Hakukasirika. Alisema amepata mteja mwingine, mtu wa migodi kama mimi, ambaye anatuma feza kwa simu na hana wakati wa kuja kutazama. Labda ni wewe unayesoma sasa. Kama ni wewe: pahali pale pana miavoka miwili iliyopinda chini, na ziwa linaonekana vizuri. Mbele ya kumaliza kulipa, uje siku ya mvua. Uliza kwenye avenyu fundi mwenye bote nyeusi. Atakupeleka bure, na Mama atakupatia chai.